Kuomba Sadaka na Kudai Haki

River Road ni mtaa wa kazi za mikono na za macho. Barabara hiyo imo upande wa mashariki wa katikati ya jiji la Nairobi, si mbali na mto uliolipa jiji jina lake, na historia yake imefungamana na historia ya jiji lenyewe, ambalo lilianza kuwa kituo cha reli mwaka 1899. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka yao katika sehemu hizo zamani. Waafrika nao wakaja kuuza, kushona, kuchapa na kutengeneza. Hata leo mpita njia huwaona mafundi wa saa na wa simu wameinamia vipande vidogo kuliko punje ya mchele, mafundi cherehani wakitunga uzi katika sindano, wachapaji wakikagua herufi za kadi za harusi, na makanga wakiita abiria. Karibu kila kazi hapo yadai jicho jema. Fundi aliyechoka mkono hupumzika leo akarudi kesho. Fundi aliyefifiwa na macho huona riziki yake yote imetiwa mashakani.

Insha hii yaeleza jinsi mtu aliyepungukiwa kuona, lakini asiye kipofu, alivyotafuta na anavyotafuta msaada wa fedha nchini Kenya. Ni habari ya safari ndefu kutoka sadaka hadi haki. Wengi walioianza safari hiyo walikuwa vipofu. Mwenye macho hafifu alikuja nyuma yao, na mara nyingi aliachwa njiani kwa sababu hapakuwa na aliyejua amweke upande gani.

Yafaa kwanza tumjue mtu huyu. Wahenga walisema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Methali hii hudhani kwamba watu ni wa namna mbili tu, wenye macho na wasio na macho. Walakini kati ya nuru kamili na giza kamili ipo nchi pana ya ukungu, na wakazi wake ni wengi. Mwaka 1862 daktari mmoja wa Uholanzi, Herman Snellen, alitoa chati ya herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari, ambayo hutundikwa katika vyumba vya waganga wa macho mpaka leo. Apimwaye husimama mbali nayo kiasi cha mita 6. Jicho lenye nguvu za kawaida hupewa alama ya 6/6. Jicho la 6/60 huona katika mita 6 kitu ambacho macho ya wengine hukiona katika mita 60. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikutana Geneva kutafuta kipimo kimoja cha kutumiwa na mataifa yote. Katika vipimo vilivyoenea baada ya hapo, mtu ambaye jicho lake lililo bora, hata baada ya kupewa miwani, huona chini ya 6/18 lakini hajashuka chini ya 3/60, huitwa mwenye uoni hafifu. Aliye chini ya 3/60 huhesabiwa kuwa kipofu.

Sababu za hali hiyo ni nyingi. Ugonjwa wa glakoma hula kingo za uoni polepole, mtu akabaki kuona kama anayechungulia katika mwanzi. Ugonjwa wa sukari huweza kuharibu utando ulio nyuma ya jicho. Mtu aliyezaliwa na ualbino huumizwa na mwanga mkali, na maandishi ya ubaoni humpotea hata akikaa dawati la mbele. Miwani ya kawaida haimalizi shida ya watu hawa. Mmoja aweza kutembea River Road bila fimbo asigongane na mtu, kisha ashindwe kusoma bei ya sukari. Mwingine aweza kusoma gazeti akiliweka karibu na pua, kisha asiutambue uso wa mama yake ng'ambo ya barabara. Hapo ndipo masengenyo huanza. Watu husema anajifanya, kwa kuwa walimwona jana akivuka njia peke yake. Ulemavu unaoonekana huamsha huruma. Ulemavu usioonekana huamsha shaka, na mwenye kushukiwa ni vigumu kusaidiwa.

Zamani msaada wa mtu kama huyu ulitoka katika ukoo wake. Mzee aliyefifiwa na macho alipewa mtoto wa kumwongoza, shamba lake lililimwa na ndugu, na sahani yake haikukosekana penye chakula. Katika nchi za pwani na penginepo Waislamu walipo, zaka na sadaka ziliwekwa kwa ajili ya maskini, na makanisa nayo yalikuwa na mafungu yao. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wema huo ulikuwa mkubwa, na hapana haja ya kuudharau. Lakini ulikuwa na upungufu mmoja: ulitegemea ujirani. Mji ulipokua, vijana waliacha mashamba ya baba zao wakaja kukodi vyumba na vitanda mjini, mbali na shangazi na wajomba. Kibarua aliyefifiwa na macho mjini hakuwa na mtoto wa kumwongoza wala ndugu wa kumlimia. Alirudi kijijini mikono mitupu, ama alikaa ukingoni mwa barabara akakinga kopo.

Sheria ya wakati ule haikumpokea kwa upole. Mwaka 1898, hata kabla reli haijafika Nairobi, utawala wa Waingereza ulitoa kanuni za kuzuia uzururaji. Kanuni hizo zilimhusu mtu aliyekutwa akiomba sadaka, au akitangatanga pasipo kazi wala njia ya riziki inayoonekana. Sheria za namna hiyo ziliendelea kuwamo vitabuni kwa vizazi vitatu, na Sheria ya Uzururaji ilifutwa na Bunge mwaka 1997 tu, katika mageuzi ya kisiasa ya mwaka huo. Msomaji na apime jambo hili. Kwa karibu miaka 100, mtu aliyekosa riziki kwa sababu ya macho, akanyoosha mkono barabarani, kwa sheria alikuwa karibu na mlango wa mahabusu kuliko mlango wa ofisi ya msaada.

Mabadiliko ya kwanza yalitoka katika vita. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana katika Vita Kuu ya Pili, na baadhi yao walirudi wamepoteza macho. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha kazi ya kuwafundisha vipofu huko Thika, mji ulio kaskazini-mashariki ya Nairobi, na kazi hiyo ikakua kuwa shule ya vipofu yenye sifa kubwa. Mwaka 1950 huko Uingereza John Wilson, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka 12 kwa mlipuko katika somo la kemia, alianzisha chama cha kuwasaidia vipofu katika makoloni, baada ya kuzunguka Afrika na kujionea wingi wao. Mwaka 1956 Kenya ilipata sheria yake iliyounda Shirika la Vipofu la Kenya, liwatunze na kuwafunza kazi vipofu wa nchi hii.

Hatua hizi zilikuwa njema, lakini zote zilifuata mwendo mmoja: wenye macho walikaa wakaamua wasio na macho wapewe nini. Mpokeaji alishukuru, na akikosa alinyamaza. Ilibaki vipofu wenyewe wainuke na kusema.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kutokea penginepo. Mwezi wa Aprili 1920 wafanyakazi vipofu wa Uingereza, wapatao 250, walitembea kwa miguu kutoka Newport, Manchester na Leeds mpaka London, wakidai haki badala ya sadaka. Mwaka uleule Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Vipofu, ambayo iliwapa pensheni ya uzee tangu umri wa miaka 50, ambapo wengine walingoja mpaka miaka 70. Ushindi huo, hata hivyo, ulikuwa na mpaka wake. Sheria ilimhesabu kuwa kipofu yule tu asiyeweza kufanya kazi yoyote inayohitaji macho. Mtu aliyeona kidogo, akaweza kazi moja kwa taabu, alibaki nje ya mlango.

Kenya nayo ilipata siku yake. Mwaka 1959 vipofu walianzisha chama chao wenyewe, Muungano wa Vipofu wa Kenya. Miaka mitano baadaye, mwaka 1964, nchi ikiwa changa katika uhuru wake, wanachama wa Muungano huo walikaa barabarani mjini Nairobi ili malalamiko yao yamfikie Jomo Kenyatta. Tafakari tofauti iliyopo kati ya kukaa huku na kule kwa zamani. Mtu akikaa peke yake ukingoni mwa barabara na kopo, mpita njia huamua kama atampa au atampita. Watu wakikaa pamoja, wenye chama na hoja, ni serikali inayopaswa kutoa jibu. Barabara ni ileile na waketio ni walewale. Kilichobadilika ni wanachokitaka. Katika mwaka huohuo serikali iliunda kamati ya kuchunguza malezi na mafunzo ya watu wenye ulemavu, chini ya uenyekiti wa Eliud Ngala Mwendwa, na kazi yake ilizaa Waraka wa Bunge nambari 5 wa mwaka 1968. Vyuo vya kuwafunza ufundi watu wenye ulemavu vilijengwa kutokana na mpango huo.

Katika mwaka uleule wa 1964, mbali sana na Nairobi, mwalimu wa Kimarekani Natalie Barraga alitoa utafiti wake juu ya watoto wenye uoni hafifu. Kabla yake ilidhaniwa sana kwamba macho mabovu yapasa kupumzishwa yasije yakaisha, na katika shule nyingi za vipofu mtoto aliyeona kidogo alifundishwa maandishi ya nukta nundu kana kwamba haoni kabisa. Barraga alionyesha kwamba mtoto akifundishwa kutumia uoni uliobaki, huutumia vizuri zaidi. Tangu hapo waganga na walimu wameanza kuuliza swali jipya. Hawaulizi tu macho yamepoteza nini. Huuliza pia yamebakiwa na nini, na ni chombo gani kitakachoyasaidia. Swali hilo lina uzito katika habari ya fedha. Kipofu asiyeona kabisa aweza kuhitaji fimbo na mwalimu wa nukta nundu. Mwenye uoni hafifu ahitaji lenzi ya kukuzia maandishi, taa nzuri, kofia pana, au miwani ya namna maalumu. Vyote hivyo vyauzwa, na kwa mtu wa kipato kidogo bei yake ni kubwa.

Basi sheria ya Kenya ilimtambuaje mtu huyu? Jibu lilichelewa. Mwaka 1989 vyama mbalimbali vya watu wenye ulemavu viliungana kuwa na sauti moja. Mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu aliteua jopo la kuchunguza sheria zinazowahusu, na baada ya miaka kumi Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika mwaka 2004. Humo mlikuwa na badiliko lisilopigiwa ngoma, lakini kubwa. Ulemavu haukuelezwa kwa upofu peke yake. Ulielezwa kuwa ni upungufu wa mwili, wa hisi au wa akili, ukiwamo upungufu wa kuona, ambao humzuia mtu kushiriki ipasavyo katika maisha ya jamii na uchumi. Kwa maneno hayo fundi wa saa asiyeweza tena kuona gurudumu la saa alipata mahali pa kusimama mbele ya sheria, ingawa bado aliweza kuvuka barabara.

Sheria hiyo iliunda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, pamoja na mfuko wa maendeleo ambao serikali ilianza kuutilia fedha katika mwaka wa 2009 na 2010, shilingi milioni 200 kwa kuanzia. Mfuko huo umekusudiwa kulipia vyombo vya kujisaidia, karo za masomo, zana za kazi na mitaji ya vikundi. Katiba ya mwaka 2010 iliutia jambo hili nguvu: kifungu cha 54 chataka mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na apate vifaa vya kumwondolea vikwazo, na kifungu cha 43 chaagiza serikali imsaidie asiyeweza kujikimu. Mwaka huohuo ulitoka msamaha wa kodi, ambao mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa hakatwi kodi ya mapato katika shilingi 150,000 za kwanza za mwezi. Tangu mwaka 2013 sehemu ya zabuni za serikali, asilimia 30, imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mwaka 2025 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya 2003.

Pamoja na hayo, mpaka wa zamani haujafutika wote. Mwaka 2011 serikali ilianza kuzipa fedha kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali, na kiwango kilichozoeleka kwa miaka mingi ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni za mtu ambaye hawezi kuishi bila mwangalizi wa kila siku. Mwenye macho hafifu, ambaye aweza kuoga, kuvaa na kutembea peke yake, kwa kawaida hahesabiwi humo, na penginepo ni haki asihesabiwe, kwa maana wapo wanaohitaji zaidi. Lakini ni lazima ajue kwamba mlango ule si wake, asije akapoteza nauli na matumaini bure. Milango yake ni mingine: vyombo, zana, karo, kodi na mtaji.

Tuchukue mfano wa kudhania, wa mama mshonaji wa River Road ambaye haoni tena tundu la sindano. Hatua yake ya kwanza ni hospitali, wala si ofisi ya fedha, kwa sababu baadhi ya magonjwa ya macho hutibika. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji, na msaada ulio bora kuliko wote ni kurudishiwa macho. Upande wa magharibi wa jiji kuna hospitali za macho zijulikanazo, kama ile ya Loresho na ile ya Kikuyu. Ikithibitika kwamba uoni wake hautarudi wote, huenda hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kupima ulemavu. Cheti cha madaktari kikikubaliwa, Baraza humsajili na kumpa kadi. Ofisi kuu ya Baraza imo kando ya barabara ya Waiyaki Way, njia ya Westlands, safari ya matatu moja au mbili kutoka alipo. Na katika kaunti nyingine zimo ofisi ndogo. Kadi hiyo ndiyo ufunguo. Akiwa nayo aweza kuomba lenzi, au cherehani inayomfaa, au karo ya mwanawe mwenye ulemavu. Akijiunga na wenzake katika kikundi kilichosajiliwa, aweza kuomba ruzuku ya biashara. Wakazi wa River Road wanajua nguvu ya chama, kwa kuwa haba na haba hujaza kibaba. Na kikundi kinachoweka hesabu zake vizuri husikilizwa upesi kuliko mtu mmoja mwenye machozi.

Ugumu haukosekani. Fomu huchapwa kwa herufi ndogo, zikapewa watu wasioweza kusoma herufi ndogo. Safari ya kwenda na kurudi hula nauli ya mtu ambaye siku yake bila kazi ni siku bila chakula. Wanaostahili ni wengi na mfuko ni mmoja: hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Wakenya zaidi ya 300,000 wana shida ya kuona iliyo kubwa. Wengine hawajisajili kwa kuona haya, kwani kadi hutangaza jambo walilolificha miaka mingi.

Hapo ndipo historia hii huwagusa wanafunzi wanaoisoma. Wengi wao watakuwa makarani, wauguzi, walimu na wenye maduka. Atakayekaa nyuma ya meza ya ofisi aweza kumsomea mtu fomu kwa sauti, au kumwambia mtu mzima kwa kelele kwamba mbona anaona. Atakayefundisha aweza kumhamisha mtoto dawati la mbele na kuandika herufi kubwa ubaoni, au kumchapa kwa uvivu asioufanya. Mumbi Ngugi, aliyezaliwa na ualbino, aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011; na Isaac Mwaura, mwenye ualbino pia, aliingia Bungeni mwaka 2013. Kila mmoja wao aliwahi kuwa mtoto mbele ya ubao, na tujiulize ni watoto wangapi kama wao walioacha shule kwa kukosa lenzi moja.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maneno hayo ni ya zamani kuliko Bunge, nayo yaeleza tofauti iliyoizaa historia hii. Sadaka hutolewa kwa kadiri ya moyo wa mtoaji, na moyo hubadilika kwa siku. Haki hutolewa kwa kadiri ya sheria, na anayeifuata haombi radhi kwa kuifuata. Waliokaa barabarani mwaka 1964 walilijua jambo hilo, ingawa wengi wao hawakuiona barabara yenyewe. Mshonaji wa River Road anayepanda matatu kwenda Westlands na cheti chake mkobani anafuata njia waliyoifungua wao, na atakayempokea huko yampasa akumbuke kwamba aliyeketi mbele yake amekuja kuchukua kilicho chake.